Kadi ya Feni Tatu

Kifuniko cha chupa ya chai kililia kri, kri, kri, kikanyamaza. Bibi alifumbua macho gizani. Kwa miaka thelathini na mmoja sauti ile ilikuwa na maana moja tu: Dereva amefunga chai yake, anakwenda kuendesha treni ya alfajiri. Lakini Dereva alikuwa amestaafu mwaka wa kumi na moja sasa, na reli ilipita hatua mia tatu nyuma ya nyumba.

Bibi hakutafuta hata kandambili. Alimkuta sebuleni, koti la kazi amelifunga vifungo vyote, chupa kwapani, mkono wa kulia umeshashika komeo la mlango.

"Umeamka mapema, mzee."

"Treni haimsubiri mtu, mama."

"Haimsubiri, kweli. Lakini ya leo wameisogeza. Iko chumba cha pili, twende nikusindikize."

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa miaka miwili. Akili ya Dereva ilikuwa imeanza kumvuja kidogo kidogo, kama ndoo yenye ufa, na alfajiri moja alikutwa katikati ya reli akiitafuta injini yake. Ndipo binti yao, mwalimu wa hesabu, alipowaletea kompyuta ya mtumba yenye gemu la kuendesha treni. Tangu siku ile Dereva akawa anakwenda kazini chumba cha pili. Anaweka chupa upande wa kulia, anaendesha mpaka saa tatu asubuhi, anarudi sebuleni amechoka na ameridhika, anauliza kuna nini cha kula. Hakuna dawa ya hospitali iliyowahi kumtuliza hivyo.

Na kazi aliifanya kama alivyofundishwa. Zamani zake walikuwa wakiendesha wawili, dereva na msaidizi. Anayeiona taa kwanza anaitaja kwa sauti, mwenzake anairudia, na treni haifanyi lolote mpaka vinywa viwili viseme neno moja. "Kijani!" Dereva angesema kule chumbani. Kisha angenyamaza kidogo kama anayesikiliza, ndipo aendelee. Ni nani aliyekuwa akimjibu katika kimya kile, Bibi hakujua, wala hakuwahi kuuliza.

Asubuhi hiyo Bibi alibonyeza kitufe kama kawaida. Kioo kikatoa mistari ya zambarau na kijani, kikatetemeka, kikawa cheusi. Akabonyeza tena. Kitu kikaguna ndani ya boksi, ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua.

Dereva alikitazama kioo cheusi kwa muda. "Hii si injini yangu," alisema, akainuka. "Yangu iko nje."

Bibi alisimama katikati ya mlango, mwanamke mfupi wa miaka sabini na miwili, akaweka mikono kwenye fremu huku na huku.

"Wamesema usubiri. Reli inatengenezwa."

"Nani kasema?"

"Ofisini."

"Ofisini hawajui kitu." Lakini alikaa. Miaka yote alikuwa mtu wa kutii ofisi. "Watengeneze upesi. Abiria wamesimama."

Bibi alichomoa ufunguo wa mlango wa mbele, akautia kifuani, akapiga simu.

"Mwanangu, imekufa."

"Nani kafa? Mama! Ni baba?"

"Kompyuta."

Pumzi ndefu ikasikika. "Mama, umenitoa roho."

"Uje tuipeleke kwa fundi. Uje sasa hivi."

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja cha upana wa kitanda na nusu, rafu zimejaa matumbo ya kompyuta. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, bisibisi ameichomeka kwenye nywele, miwani imefungwa uzi mweusi pembeni. Dereva walikuwa wamekuja naye, maana hapakuwa na wa kumwachia. Alikaa kwenye benchi kati ya wateja wawili, chupa yake mapajani.

"Kadi ya picha ndiyo iliyokufa," Fundi alisema baada ya kulifungua boksi na kulinusa. "Hii ndiyo inayochora. Gemu linasema, hapa weka mlima, hapa weka mti, kadi inachora. Sasa gemu lenu ni zima, mchoraji ndiye hayupo."

"Gemu la mjukuu?" akauliza mwanamume mmoja pale benchini.

"La baba," Mwalimu alimjibu.

"La huyu mzee?" Yule mtu akacheka mpaka akajipiga paja. "Mzee, wenzako wanalea wajukuu, wewe ndiye wa kulelewa? Na viatu vyenyewe! Kimoja cha timu hii, kimoja cha timu ile!"

Benchi likacheka. Dereva akatazama miguu yake. Kulia kiatu cheusi, kushoto cha kahawia. Taratibu aliivuta miguu chini ya benchi, kama mtoto aliyekuja shule bila soksi. Bibi alihisi uso wake mwenyewe unawaka. Ni yeye aliyemvalisha, kwa haraka, wala hakutazama.

Fundi akadondosha skrubu. Bibi aliona jinsi alivyoidondosha. Vidole vilifunguka vyenyewe. Akapiga magoti kuitafuta, na huko chini akashika kamba ya kiatu cha kahawia iliyokuwa ikiburuta, akaifunga mafundo mawili, akainuka na skrubu yake. Kisha akamgeukia yule mtu.

"Na wewe uliyeniletea simu iliyoanguka chooni, kaa kimya usubiri zamu yako."

Benchi likacheka upya, safari hii kuelekea upande mwingine.

Fundi akapanga kadi tatu juu ya meza. "Hii ndogo ni ya mtumba, ndugu wa ile iliyokufa. Hii ya kati ni mpya. Na hii," akaitoa kwenye boksi lake kwa mikono miwili, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, feni tatu zimejipanga mgongoni, "hii ni simba."

"Ipi nzuri?" Mwalimu akauliza.

"Nzuri kwa nani? Ningekuwa mimi, ningechukua ndogo. Kompyuta yenyewe ni mzee. Hii kubwa inakula umeme, na boksi lenu la umeme ni dogo, litatoka jasho. Halafu kuna jambo jingine. Kadi ndogo haina nguvu ya kuchora kila kitu, kwa hiyo mengine huyaacha. Watu, mvua, vitu vya mbali. Kubwa haiachi kitu."

"Ndicho hasa tunachotaka. Baba kila siku analalamika ukungu. Ukungu, ukungu, haoni mbele. Si ndiyo, mama?"

"Anasema ukungu," Bibi alijibu.

Alitaka kuongeza kitu. Alitaka kusema kwamba Dereva hausemi kama mtu anayelalamika; anausema kama mtu anayetaja taa, kisha anapunguza mwendo, na mabega yake yanashuka. Lakini mambo haya ya mashine yalikuwa na wenyewe, na binti yake alikuwa amesoma. Akaumeza ulimi.

Fundi akainama mbele ya Dereva. "Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mwenye kazi. Unataka kuona nini?"

Dereva alifikiri. "Mbele," alisema.

"Umesikia," Mwalimu alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Miezi mitatu hakuwa amefika nyumbani. Mitihani, vikao, mvua. Mtu asiyekuja mara nyingi huja na zawadi kubwa. "Tupe simba. Pesa nilizoweka ni za friji yenu, lakini friji itangoja, maziwa tutaendelea kuchemsha."

Fundi alitazamana na Bibi kitambo. Kisha akaandika namba yake ya simu juu ya boksi la kadi, kwa tarakimu kubwa ambazo mtu angeweza kuzisoma bila miwani.

Mwalimu alilala hapohapo nyumbani, na kulipopambazuka walikuwa wote watatu chumba cha pili.

Kioo kiliwaka, Bibi akapigwa na butwaa. Miaka miwili alikuwa ameona milima kama maboga na miti kama mifagio. Sasa majani yalitikisika moja moja. Reli zilimetameta kwa umande. Mbali, mbali kabisa, uliona nyumba na nguo zilizoanikwa. Ndani ya boksi feni tatu zilivuma, na chini yake boksi la umeme lilitoa mlio mwembamba kama mbu.

"Unaona, baba? Hakuna ukungu!"

Dereva aliweka chupa kulia, akatazama. "Kijani," alisema. Akanyamaza kidogo. Akaondoka.

Stesheni ya kwanza ilikuwa na watu. Wanaume wenye mabegi, mwanamke na mtoto, mzee kwenye kiti. Walikuwa wakigeuza vichwa. Dereva alivuta breki mapema mno, treni ikasimama kabla ya jukwaa.

"Hawa wametoka wapi?" aliuliza.

"Ni abiria, baba. Walikuwepo siku zote, ile kadi ya zamani ilikuwa haiwachori."

"Walikuwepo siku zote," Dereva alirudia. Bibi aliona jasho kwenye shingo yake, juu ya kola.

Alikwenda tena. Daraja, kona, mteremko. Halafu kivuko, pale barabara inapokatiza reli. Pembeni mwa kivuko alisimama mwanamke mwenye koti la njano, wala hakuwa akifanya chochote.

Dereva alipiga kelele. Ilikuwa sauti ambayo Bibi hakuwahi kuisikia katika miaka hamsini ya ndoa. Alivuta breki yote kwa mikono miwili, kibodi ikaruka, chupa ikaanguka, treni ya kwenye kioo ikalia na kuteleza, ikakipita kivuko, ikaendelea kuteleza.

"Nimempita! Nimempita yule mama!"

"Baba, ni picha! Baba, nitazame, ni picha tu!"

"Treni haisimami kama baiskeli," Dereva alisema. "Haisimami."

Mwalimu alichomoa waya ukutani. Walimkalisha sebuleni, wakamfunika shuka. Mlango wa mbele Bibi aliufunga kwa ufunguo. Alikwenda jikoni kupasha maziwa, akachukua kiberiti, na Mwalimu akatoka uani kumpigia Fundi simu, maana sebuleni simu ilikuwa haishiki. Njiti ya tatu ndiyo iliyowaka. Maziwa hayakuwa yamepata hata povu, Bibi akashtushwa na kimya cha nyumba. Alichungulia.

Shuka lilikuwa sakafuni. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na Mwalimu alikuwa upande wa pili, nyuma ya tangi la maji, ameipa nyumba mgongo, akiongea na simu. Na mezani chupa ya chai ilikuwa imesimama. Hakuwa ameichukua. Chupa ile ndiyo iliyomwogopesha Bibi kuliko yote. Mtu anayekwenda kazini hubeba chai yake.

Alikimbia. Miguu ya miaka sabini na miwili inakimbia ikibidi, inalipia baadaye. Alipita nyuma ya tangi, akamwita binti yake bila kusimama, akapita kwenye majani marefu yaliyolowa, akakwangua kiwiko kwenye seng'enge, akatokea kwenye tuta la kokoto.

Dereva alikuwa katikati ya reli, karibu na kivuko, akitembea ameinama. Alikuwa akitazama chini, kulia, kushoto, kama mtu aliyedondosha sindano. Kule mbele yake mlinzi wa geti, mtu mnene wa fulana ya kazi, alikuwa ameshafunga barabara. Na sasa alikuwa akipunga bendera nyekundu kwa nguvu zake zote na kupiga filimbi, lakini hakuwa akimpungia Dereva. Alikuwa akiipungia treni. Bibi aliweka mguu juu ya chuma cha reli na kukisikia kinaimba.

"Baba Mwalimu! Toka hapo! Mume wangu!"

Hakugeuka. Alikuwa amesimama sasa, amenyoosha mgongo, uso umeielekea taa ya reli iliyokuwa mbele ya kivuko.

"Nyekundu," alisema.

Honi ikalia mbali, nyuma ya kona. Bibi alimshika mkono akavuta; alikuwa kama mlingoti uliochimbiwa. Hakuwa akimwona.

"Nyekundu," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayeanza kuogopa. Akanyamaza. Akasikiliza.

Ndipo Bibi alipokitambua kimya kile. Alikuwa amekisikia kupitia ukuta wa jikoni kwa miaka miwili.

"Nyekundu!" Bibi alijibu.

Kichwa cha Dereva kikageuka. "Msaidizi?"

"Nipo." Chuma chini ya mguu wake hakikuimba tena, kilitetemeka. Alikodoa macho kule kwenye majani kana kwamba kweli pana taa. "Njia ya kando, kijani!"

Dereva alitazama alikotazama yeye. Midomo yake ilicheza. Mungu peke yake ndiye anayejua muda ule ulikuwa mrefu kiasi gani.

"Njia ya kando," alirudia, "kijani." Akaivuka reli kwa hatua moja, mbili, akashuka tuta, amemshika mkono.

Treni iliwapita ikipiga mayowe ya breki, upepo wake ukawalaza majanini. Ilisimama mbali kule, behewa la mwisho likiwa limeshakipita kivuko.

Walikaa pale chini, wamelowa. Mwalimu alifika, akapiga magoti kando yao. Mlinzi wa geti naye alikuja anahema. Bibi alingoja matusi, maana mtu aliyetishwa hivyo ana haki ya kutukana. Yule mtu alimtazama Dereva, akaliona koti, akavua kofia. Akafungua chupa yake ya maji, akachuchumaa kwa shida na kitambi chake, akaanza kuosha damu kwenye mguu wa Bibi, ambao haukuwa na kiatu.

"Nitawaambia pale treni ilipo kwamba alikuwa akipita tu," alisema. "Mzee wetu wa reli huyu. Wataelewa."

Dereva alikuwa akitazama kivuko. "Alikuwa na ndoo ya njano," alisema.

Bibi aliijua siku hiyo, siku treni ya Dereva ilipomgonga mwanamke kivukoni. Miaka ishirini na sita nyuma. Dereva alirudi nyumbani na chai yake haijaguswa, akanawa mikono mpaka sabuni ikaisha. Ofisi ilisema hana kosa, ikampa siku tatu za kupumzika. Hakusema neno, na Bibi hakumuuliza, akidhani kutouliza ndiyo huruma.

"Aliinua mkono," Dereva alisema. Sauti yake ilikuwa safi, kana kwamba mtu wake wa zamani amerudi kuchukua kitu alichosahau. "Ndoo ilikuwa imenasa relini, akawa anaivuta, akainua mkono nisimame. Mimi nikadhani ananisalimia. Mahali pale watu walizoea kutusalimia. Sikupiga honi, mama. Nilimpungia."

Mwalimu alificha uso kwenye bega la baba yake. Bibi hakusema si kosa lako; ofisi ilishasema hivyo na haikusaidia kitu. Alimshika mkono, ule wa kulia, uliopunga, akaushikilia.

Fundi alifika alasiri kwa miguu yake, kadi ndogo ya mtumba ikiwa kwenye mfuko wa nguo. Hakusema niliwaambia. Aliligusa boksi la umeme, akatoa mkono haraka. "Lilikuwa linaiva. Wiki moja tu, lingewaka." Alimtoa simba, akamfunga ndugu wa marehemu. Mwalimu alimwambia kuhusu mwanamke wa koti la njano.

"Watu naweza kuwazima kabisa," Fundi alisema. "Vivukoni, stesheni, kote. Mzee, nizime?"

Walidhani Dereva hasikii. Alikuwa mlangoni, chupa mkononi, kiatu cheusi na cheusi.

"Vivukoni zima," alisema. "Stesheni acha. Stesheni mtu anatakiwa awepo."

Fundi alimtazama Bibi, na safari hii Bibi hakuumeza ulimi. "Fanya anavyosema, mwanangu. Yeye ndiye anayeijua njia."

Mwalimu alikuwa ameshapigilia komeo jipya mlango wa uani, juu kabisa, na alikuwa amesema atakuja kila Jumamosi. Alisema mara mbili. Lakini Bibi alijua komeo ni kitu cha chuma tu. Alikwenda kuleta kigoda, akakiweka kushoto kwa kiti cha Dereva, akakaa. Magoti yalikuwa yakimuuma.

Kioo kiliwaka. Milima kama maboga, miti kama mifagio.

"Kijani," alisema Dereva.

"Kijani," alisema Bibi.

Hakunyamaza tena. Aliondoka moja kwa moja. Kivuko kilikuja kitupu, na Bibi alipumua kilipopita. Baada ya mteremko, kule mbele kukaanza kuwa kweupe.

"Ukungu," alisema Dereva, mabega yakashuka.

"Ukungu. Unakusumbua?"

"Hapana. Kwenye ukungu mtu anakwenda polepole."

Mwalimu, kule mlangoni, aliweka kiganja mdomoni.

Stesheni ya mwisho ilijitokeza kidogo kidogo katika ule weupe. Jukwaa lilikuwa tupu, ila mwishoni pale alisimama mtu mmoja. Kadi ndogo haikuwa na nguvu ya kumchora vizuri. Hakuwa na uso, wala hukuweza kujua nguo yake ni ya rangi gani. Bibi alishika kigoda kwa mikono miwili. Fundi alisogeza kidole kwenye kitufe cha kuzima.

Dereva alipiga honi. Aliipiga mapema, aliipiga ndefu. Akavuta breki kidogo, akaachia, akavuta tena, na treni ikasimama taratibu hata chai kwenye chupa isingetikisika. Akafungua milango. Akainua mkono wa kulia, akaupunga.

Yule mtu hakupanda. Alibaki amesimama palepale.

"Hawa huwa hawapandi, mzee," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Kadi hii haiwezi."

"Si lazima," alisema Dereva. Alingoja kidogo zaidi, kama anavyongoja mtu asiye na haraka. Kisha alikisogelea kioo, karibu kabisa na ule ukungu.

"Kesho uje tena, mama," alimwambia yule wa jukwaani. "Tutasimama."